Mgeni Apewe Jembe: Wasia kwa Vijana Waendao Kusoma Ugenini

(Hotuba iliyotolewa msikitini, mjini Sumbawanga, baada ya swala ya Alasiri, katika kikao cha kuwaaga wanafunzi na kuzungumza na wazazi wao.)





Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, ambaye kwake hutoka kila elimu yenye manufaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad s.a.w., jamaa zake na masahaba wake wote.

Tumekusanyika leo kuwaaga vijana wetu watatu wa uwanda huu wa Ufipa. Wawili wanakwenda Misri na mmoja Saudi Arabia. Wote wataanza na mwaka wa lugha, kwani vyuo vingi vya nchi za Kiarabu humtaka mgeni asomee Kiarabu kwanza kabla ya kuingia katika masomo yenyewe. Kwa wiki kadhaa sasa mazungumzo yetu yamekuwa juu ya pasi za kusafiria, viza, nauli na vyeti. Mambo hayo ni ya lazima, na tunawashukuru wote waliochanga. Lakini kuna jambo moja ambalo halijasemwa na mtu yeyote, nalo ni hili: kijana akishafika, atakaaje?

Tumeombwa tulizungumzie jambo hilo kwa sababu sisi wenyewe tulipata kukaa ugenini. Hatutazungumza kama watu waliofaulu tangu siku ya kwanza. Tutasema tulivyokosea, ili hawa wasirudie makosa yetu.

Ugonjwa wa wageni wa Madina

Kwanza tujue kwamba uzito wa ugeni si aibu, wala si dalili ya imani haba. Masahaba wa Mtume s.a.w. walipohama kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622, wengi wao waliugua homa. Miongoni mwao walikuwa Sayidina Abubakar r.a. na Sayidina Bilal r.a. Hadithi sahihi zinatusimulia kwamba Bilal, kila homa ilipompungua, alipaza sauti akiyakumbuka mabonde ya Makka, majani yake na milima yake. Tutafakari sana, ndugu zetu. Huyu ndiye Bilal aliyeteswa katika joto la Makka hiyo hiyo, akawekewa jiwe kifuani. Juu ya hayo yote aliikumbuka, kwa kuwa moyo hupazoea mahali ulipokulia.

Je, Mtume s.a.w. aliwakemea? Hakuwakemea. Aliwaombea dua. Na katika dua ile hakuomba warudishwe Makka. Alimwomba Mwenyezi Mungu aifanye Madina ipendeze nyoyoni mwao kama Makka au zaidi, aifanye njema kiafya, na abariki vipimo vyao vya chakula. Hapa pana somo kubwa kwa mzazi. Mtoto akikuandikia kwamba amekonda na nyumbani anapakumbuka, usimwite dhaifu, wala usimwambie mara moja arudi. Mwombee apapende pale alipo.

Somo la pili ni la undugu. Mtume s.a.w. aliunga undugu baina ya Muhajirina na Ansari, mtu na mwenziwe. Abdurrahman bin Auf r.a. aliunganishwa na Saad bin Rabii r.a., ambaye alikuwa tajiri wa Madina. Saad alimtaka nduguye agawiwe nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali na familia yake, kisha akaomba aonyeshwe sokoni. Akaenda, akafanya biashara ya jibini kavu na samli, akarudi na faida. Haukupita muda mrefu akawa amekwisha kuoa na kuwa mtu wa Madina.

Wahenga wetu nao waliligundua jambo hilo waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huitumia methali hii kumsuta mgeni aliyekaa mno. Lakini sisi tumeona ina maana nyingine yenye huruma ndani yake. Mgeni asiye na jembe hubaki mgeni daima. Siku anayoshika jembe ndiyo siku anayoanza kuwa mwenyeji. Hilo ndilo jambo moja tunalotaka vijana hawa waondoke nalo leo.

Sisi tulivyokaa Khartoum

Miaka mingi iliyopita, kabla simu za mkononi hazijaenea, tulikwenda Sudan vijana watatu kutoka mkoa huu kusoma mwaka wa lugha. Wazee mnaikumbuka barabara ya Tunduma kabla haijawekwa lami, jinsi basi lilivyoweza kulala njiani masika kwa sababu ya tope. Tulipofika Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, tulidhani sehemu ngumu imekwisha kupita. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Sisi ni watu wa baridi. Mji wetu uko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi Juni mtoto haendi shule bila sweta. Khartoum, pale Nili Nyeupe inapokutana na Nili ya Buluu, joto la mwezi Mei hupita nyuzi 40, na mara kwa mara huja tufani la vumbi linalofanya mchana uwe kama magharibi. Tulilala juu ya paa na maji pembeni. Lakini joto mwili hulizoea. Yaliyotushinda yalikuwa mengine.

La kwanza lilikuwa lugha. Tulikuwa tumesoma madrasa, tumehitimu Kurani, na sarufi kidogo tuliijua. Tukajiona wanazuoni. Siku ya kwanza sokoni tuliomba mkate kwa jina la vitabuni, khubz, na mwenye duka akatabasamu, kwani pale huitwa eesh. Neno la kuuliza "nini" lilikuwa shinu, na "sasa" ilikuwa hassa. Hatukuwahi kuyasikia. Hata maneno tuliyodhani ni yetu yalituhadaa. Tulipotaka kupeleka barua tulisema "barua", kwa kuwa tulijua neno hilo lina asili ya Kiarabu, lakini Mwarabu barua huiita risala. Mtu aliyekuwa imamu wa vijana nyumbani alikuwa hawezi kununua chumvi bila kuchekwa.

La pili lilikuwa ibada yenyewe. Sisi tumelelewa juu ya madhehebu ya Imamu Shafi. Watu wa Sudan kwa sehemu kubwa hufuata madhehebu ya Imamu Malik, na wengi wao husimama katika swala mikono yao ikiwa imeshuka ubavuni. Wiki za mwanzo mmoja wetu alitaka kuwasahihisha. Mzee mmoja akamwuliza kwa upole kama amekuja kusoma au kusomesha. Vijana, mtayaona mengi msiyoyazoea. Ulizeni dalili kwa adabu, msianze na mabishano. Aliyetoka kwao akaona kila jambo ni kosa, hana atakachorudi nacho isipokuwa kile alichokwenda nacho.

Basi tulifanya nini? Tulijificha. Tulikaa chumba kimoja na Waswahili wenzetu, tukapika vyakula vya kwetu, tukazungumza Kiswahili asubuhi hadi usiku. Darasani tulikaa nyuma. Ilikuwa raha, na raha hiyo ilitugharimu. Miezi minne baadaye ulikuja mtihani wa kwanza, nasi sote watatu tukaanguka. Kosa lilikuwa letu, wala hatumlaumu mwalimu yeyote. Nasi katika barua zetu kwa wazazi tukaandika kwamba masomo yanaendelea vizuri, alhamdulillah.

Mwenzetu aliyerudi

Katika watatu wale mmoja alirudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Yupo hapa Ufipa hadi leo, na tumemwomba ruhusa kabla ya kusimulia.

Wazazi wake walikuwa wameuza ng'ombe wawili na magunia ya mahindi ili apate nauli. Haukupita mwezi wa pili barua zikaanza kufika. Mdogo wake amefukuzwa shule kwa ada. Bati za nyumba zimeezuliwa na upepo. Baba anaumwa. Kila barua ilimalizikia kwa kusema kwamba yeye aliyeko ng'ambo atume chochote. Posho yetu ilitosha chakula, sabuni na madaftari tu. Yeye akaituma yote, mwezi wa kwanza na wa pili. Akakopa kwa wenzake, akaona haya, akaacha kula pamoja nasi akidai amefunga. Tulijua kwamba hajafunga. Tulinyamaza, tukaona tusimfedheheshe. Tena usiku tulimsikia halali. Baadaye akaugua, akaacha kwenda darasani, na mwisho akaomba arudishwe.

Hapa nyumbani alipokewaje? Yakasemwa maneno: amerudi mikono mitupu, amekula ng'ombe wa baba yake. Yalisemwa hata uani mwa msikiti. Kwa miaka miwili kijana yule alikuwa akiswali nyumbani kwa kukwepa macho ya watu. Tumuombe Mwenyezi Mungu msamaha, maana dhambi ile ilikuwa yetu sote: sisi tuliokuwa naye tukanyamaza, na ninyi mliomtuma kisha mkamdai mavuno kabla mbegu haijaota.

Jembe la fundi cherehani

Sisi wawili tuliobaki tuliokolewa na jambo dogo. Karibu na msikiti palikuwa na fundi cherehani mzee, macho yake yameanza kufifia. Siku moja baada ya Alasiri alituona tumeketi kivulini bila kazi. Akatupa gazeti, akatuomba tumsomee. Tulisoma kwa kujikwaa. Alisahihisha, akacheka, akatutilia chai, akatutaka tuje kesho. Tulikwenda kesho, na keshokutwa, mpaka mwaka ukaisha. Wateja wake walitujua, wakatualika majumbani kwao. Huko tukala asida, ambayo ni unga wa mtama uliosongwa motoni na kuliwa kwa mchuzi. Ndugu zetu, mtu aliyekula ugali wa ulezi kwa nyanya yake hahitaji kufundishwa kula asida. Siku hiyo ndipo tulipohisi kwa mara ya kwanza kwamba hatuko mbali sana na kwetu.

Tulijiuliza baadaye, kwa nini gazeti lile lilitufaa kuliko miezi minne ya kujihurumia? Jibu ni kwamba yule mzee alituhitaji. Tulikuwa na jembe. Mtu hatulii mahali kwa sababu pana raha. Hutulia pale ambapo asipofika ataulizwa. Mtihani wa mwisho tulifaulu sote wawili, kwa fadhili za Mwenyezi Mungu.

Nanyi wakulima mnalijua jambo hili kwa njia yenu. Wazee wa Ufipa, mvua zikielekea kwisha, walikuwa wakifukia majani katika matuta ya duara yaitwayo intumba. Majani yale hufunikwa, yakaoza, na kwa miezi anayepita njiani haoni faida yake. Msimu unaofuata matuta husambazwa, na ulezi hustawi juu ya udongo ule. Mwaka wa kwanza wa mwanafunzi ndio huo. Anayelifukua tuta kila wiki ili aone kama limeiva, analiharibu.

Waliotutangulia

Jambo hili si geni kwa watu wa Afrika Mashariki. Katika msikiti wa Al-Azhar mjini Cairo, ulioanza kujengwa mwaka 970, wanafunzi wageni walikuwa na sehemu zao za kukaa na kusoma zilizoitwa ruwaq, kila watu kwa nchi yao. Wale wa pembe ya Afrika walikuwa na yao, ruwaq ya Jabarti. Wazee wale walijua kwamba mgeni anahitaji watu wa lugha yake wa kumpokea. Lakini alipokelewa huko ili aende akakae mbele ya masheikh wa Al-Azhar, wala si ili ajifungie humo.

Karibu zaidi na sisi, katika ziwa letu hili la Tanganyika, Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Mwaka 1954, akiwa mtu mzima na mshairi aliyekwisha kuandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, alikwenda Pakistan kusoma elimu ya dini. Akakubali kuwa mwanafunzi tena miongoni mwa watu wa lugha nyingine. Alirejea mwaka 1956, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri katika serikali ya Tanganyika huru, hadi alipofariki mwaka 1964. Heshima yake nyumbani haikumzuia kuanza upya ugenini.

Na mabaya pia hutokea pasi na kosa la mtu. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, katika mitaa ile ile tuliyotembea sisi. Mwezi huo huo serikali yetu iliwarudisha Watanzania zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi, kwa kupitia Ethiopia. Kisha mwaka huo huo wanafunzi wa udaktari kutoka Sudan wakapokewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, waendelee na mafunzo yao. Watu waliokuwa wenyeji wetu wakawa wageni wetu. Basi anayerudi kabla ya wakati asihukumiwe kabla ya kuulizwa, na mwanafunzi mgeni akija mjini kwetu tumpokee kama ambavyo tungetaka watoto wetu wapokewe.

Wasia kwa vijana

Kwanza, mkifika jiandikisheni katika ubalozi wetu, na nakala za pasi na vyeti vyenu muwaachie wazazi.

Pili, chagueni msikiti mmoja na kazi moja ndani ya siku za mwanzo: kufagia, kusomea watoto, kumsaidia mzee. Msingoje mzoee kwanza ndipo mfanye kazi. Fanyeni kazi ndipo mtazoea.

Tatu, Waswahili wenzenu ni ndugu zenu, muwatembelee na kuwauguza. Lakini saa za mchana ziwe za Kiarabu. Na simu zenu mzitazame vizuri. Sisi tulijificha chumbani. Ninyi mnaweza kujificha ndani ya simu, mwili uko Cairo na moyo kutwa uko katika kundi la WhatsApp la Sumbawanga.

Nne, semeni kweli. Ukianguka mtihani, sema. Ukiishiwa, sema. Barua yetu ya uongo ilimfurahisha mama mwezi mmoja, ikamhuzunisha mwaka mzima. Na mwenzako akisema amefunga nawe unajua hajafunga, usinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.

Wasia kwa waliowatuma

Wazazi wetu, mmefanya jambo kubwa. Tunajua mahindi yaliyouzwa na shamba lililokodishwa. Lakini tunawaomba mambo matatu.

Msimwombe mwanafunzi fedha kwa mwaka huu. Posho yake ni amana ya masomo, si mshahara. Shida ikitokea, ileteni hapa msikitini, kwani sisi tulio hapa ndio tunaopaswa kuibeba. Tunapendekeza kamati ya msikiti itenge fungu dogo kwa ajili ya familia za wanafunzi walio nje, ili mzazi asilazimike kumpigia mwanawe simu kwa bati la nyumba.

Pili, msimfiche msiba wala ugonjwa mkubwa, lakini msimmiminie kila ugomvi wa ukoo na mipaka ya mashamba. Hana la kufanya kutoka huko isipokuwa kukosa usingizi.

Tatu, akirudi, awe amefaulu au hakufaulu, apokewe mlangoni mwa msikiti huu kwa salamu. Katika Sura ya At-Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba katika kila kundi wawepo wanaotoka kujifunza dini, ili wapate kuwaonya watu wao. Kusoma huko hakukamiliki bila wale watu wa nyumbani. Tukimfungia mlango, elimu yake ataifundisha wapi?

Mwenzetu yule aliyerudi amewasomesha watoto wake wote, na mmoja wa vijana watatu tunaowaaga leo ni mwanawe. Baba mtu ameketi safu ya nyuma. Tunamwomba mbele yenu atusamehe, kisha asogee mbele atuongoze katika dua ya safari.

Ewe Mwenyezi Mungu, uipendezeshe miji wanayokwenda katika nyoyo zao, uwape wenyeji wema na kazi yenye manufaa, uwalinde na maradhi na fitina, na uwarudishe kwetu salama wakiwa na elimu. Na sisi utupe subira ya kungoja. Amin.

Wa akhiru daawana anil hamdu lillahi Rabbil alamin.